Karafuu za Loisi

Ndugu zangu, Jumamosi ile ilipambazuka kwa utulivu. Upepo wa Dodoma, ambao mwezi wa nane humvua mtu kofia na heshima yake, ulikuwa bado umelala. Loisi alikuwa akichemsha chai kando ya uwanja wa klabu ya ndege, nje ya mji, upande wa Makutupora. Ndege za klabu ile hazikuwa na injini. Zilivutwa kwa waya mrefu na mashine iliyokuwa mwisho wa uwanja. Zikishapanda ziliuachia waya, zikaelea kwenye hewa ya joto kama mwewe.

Mwendesha mashine alikuwa Yoramu, mume wa Loisi. Na aliyekuwa anaruka peke yake kwa mara ya kwanza siku hiyo ni Anyesi, dada yake Yoramu, karani wa serikali.

"Wifi, nikishuka salama unanipikia mlenda," Anyesi alisema akifunga mkanda.

"Na usiposhuka nimpikie nani? Nenda, usinichoshe."

Wakacheka. Loisi akachukua birika kumpelekea mumewe.

Alimkuta Yoramu kwenye mashine, macho mekundu, anaimba. Miguuni pake palikuwa na chupa ya mvinyo, imebaki tone. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, grosari za pombe zinachipua kila kona kama uyoga, na Yoramu hakuipita hata moja bila kuisalimia.

Hapa nisikilizeni vizuri. Ulevi ule Loisi aliujua siku nyingi. Ni yeye aliyempa karafuu atafune kabla ya kazi, harufu ya pombe ipotee. Ni yeye aliyewaambia watu, "Ana malaria." Malaria gani hiyo inayopanda kila mshahara ukitoka? Majirani walijua, wakanyamaza. Eti kusitiri nyumba!

"Baba Miriam, shuka hapo."

"Nipe karafuu, uende zako."

"Sikupi. Aliye kwenye ndege ni dada yako."

"Nimemvuta mara ngapi? Mashine hii naiendesha hata usingizini."

"Ndicho ninachokiogopa."

Kule mbali mshika bendera alianza kuipunga. Yoramu akakamata mpini. Waya ukaanza kujinyoosha majanini.

Klabu ile ilikuwa na desturi moja: yeyote aliye uwanjani, awe rubani awe mpika chai, akiinua mikono juu, kila kitu kinasimama. Maswali baadaye. Loisi akalidondosha birika, akafungua kitenge chake chekundu, akakimbia mbali na waya na kukiinua juu kwa mikono yote miwili.

Bendera ikasimama. Anyesi akauachia waya. Lakini Yoramu hakuona kitu. Alivuta kwa nguvu zote, na waya mtupu ukaja mbio ukitimua vumbi, ukaichapa mashine na kuvunja kioo.

Ebenezer, mkuu wa klabu, alifika na Landrova.

"Nani kasimamisha?"

"Mimi."

"Kuna nini, mama?"

Angeweza kusema ng'ombe wamekatiza. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, njia ulishaizoea.

"Mume wangu amelewa," alisema. "Na si leo tu. Mimi ndiye niliyekuwa namficha."

"Umenivua nguo mbele za watu!" Yoramu akafoka.

"Nimekuvua. Lakini dada yako hajavishwa sanda."

Yoramu akakitazama kioo kilichovunjika, akakaa chini.

Alasiri Khamisi, fundi wa klabu, ndiye aliyeendesha mashine. Anyesi akapanda, akazunguka juu ya mizabibu, akashuka taratibu. Mlenda ulipikwa. Yoramu hakula. Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa Ebenezer kuomba kazi yoyote isiyo ya mashine, akapewa kufyeka nyasi za uwanja. Mpini ule hakurudishiwa tena. Naye Loisi hakununua tena karafuu, hata za pilau.

FUNZO

Kumficha mlevi si kumpenda. Ni kumshikia chupa. Siri ya nyumba ikishagusa roho ya mtu, si siri tena. Wewe unayejua na umenyamaza, usingoje waya ukatike. Inua mikono leo. Aibu hufuliwa, ikaanikwa, ikakauka. Maiti haifufuki kwa karafuu.