Macho ya Ijumaa

Harufu ilianza Ijumaa saa nane mchana. Mbinya alikuwa akikunja nguo chumbani, huko Komarock, Nairobi, akasikia harufu ya unga wa mti uliotoka kupigwa msasa. Mumewe, Mwangangi, alikuwa fundi wa kuchonga vinyago kabla hajaenda Doha kulinda magodauni, na mikono yake ilinukia hivyo hivyo. Lakini ni miaka miwili hajashika patasi. Alikuwa amerudi juzi tu, na sasa alikoroma kwenye kochi sebuleni.

Tuseme ukweli, mwili wa Mbinya ulisisimka, na hilo ndilo lililomtisha. Mumewe alipomgusa siku aliyorudi, Mbinya alikuwa baridi kama sakafu. Aligeukia ukutani akalia kimya kimya, maana alimpenda huyu mtu na alikuwa amemngoja.

Mwangangi alipokuwa Doha walikuwa na desturi yao. Kila Ijumaa saa nane, siku ya mapumziko ya Mwangangi, alimpigia simu, wakafumba macho wote wawili, kila mmoja akamwona mwenzake kichwani. Mwanamume wa kichwani hakuchoka wala hakukoroma. Alijua pa kumgusa kwa sababu Mbinya ndiye aliyemfundisha.

Ijumaa iliyofuata harufu ilikuja na pumzi shingoni, kitanda kikabonyea polepole nyuma yake, na kidole gumba chenye sugu, sugu ambayo Mwangangi wa sebuleni hakuwa nayo tena, kikampita mgongoni, naye akataka kupiga kelele na akataka kisiondoke, yote kwa pamoja, huku akisikia mkoromo wa mumewe ng'ambo ya ukuta.

Kwa pasta aliona aibu. Alishuka kwa jirani wa chini, Sahro, mama yake Kadar, ambaye husomea Kurani watu wenye mashetani. Sahro alimsomea, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini, "Ukiwa na bwana yako, unafunga macho?"

"Nafunga, Mama Kadar."

"Basi unamfungulia mlango. Jini halina sura, limevaa ile uliyolitengenezea. Muangalie bwana yako. Usifunge macho hata kidogo, litaondoka na njaa yake."

Mchana huo huo alimwita mumewe chumbani. Alimtazama: kipara kipya, kitambi, mikunjo ya jua kando ya macho. Alimtazama mpaka akamzoea, na taratibu mwili wake ukaitika. Harufu ya mti ikafifia, ikaisha kabisa. Mbinya alifurahi mpaka machozi yakamlenga.

Ndipo aliposikia harufu ya mafuta ya nazi. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha kuyapaka mwaka ule Mwangangi alipoondoka, aliponyoa nywele zake. Alimwangalia mumewe usoni. Macho yake yalikuwa yamefumbwa ndi.

"Nitazame," Mbinya alinong'ona. "Tafadhali, nitazame mimi."

Mwangangi hakumsikia. "Mbinya," aliita, kwa ile sauti ya Ijumaa, na nyuma ya pazia sauti ya Mbinya, isiyotoka kinywani mwake, ikamjibu, "Niko hapa."