Soma Mpaka Mwisho wa Sura

Katika jumuiya yetu yupo fundi cherehani mmoja. Ameniruhusu nisimulie yaliyompata, ila kwa sharti. "Usinipambe," aliniambia, "na usinifiche." Basi nitajitahidi.

Fundi huyu huamka mapema. Hubandika chai, hufagia, hufuta vumbi kwenye cherehani. Mumewe huchomelea vyuma karakana. Bwana huyo hunywa chai akiwa amesimama, huaga, na kutoka. Mlango ukishafungwa, mkewe huketi na kuchukua Biblia yake.

Hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Hakuwa anasoma. Alifumba macho, akafungua popote, akashusha kidole. Mstari ulioguswa ndio uliokuwa habari ya siku. Ukiwa mzuri, aliimba mpaka jioni. Ukiwa mbaya, hata sindano ikivunjika alisema, "Si niliambiwa!" Siku moja kidole kiliangukia orodha ndefu ya majina. Alishinda akingoja wageni. Hakuja hata mmoja.

Hayo ni ya kuchekesha. Yanayofuata hayachekeshi.

Mumewe alipata ngiri. Ni uvimbe uliotokeza chini ya tumbo, upande wa kulia. Daktari aliupima akasema, "Tutakufanyia upasuaji Alhamisi. Mpaka siku hiyo usinyanyue kitu kizito. Utumbo ukibanwa hapa, ni hatari kubwa."

Jumatatu ya wiki hiyo, mama alifumba macho kama kawaida. Kidole kilishuka. Alipofumbua, alikuta habari ya mfalme mgonjwa. Nabii amemjia na kumwambia aweke nyumba yake sawa, kwa kuwa hatapona. Atakufa.

Alifunga kitabu na kukiweka juu ya kabati, mbali na macho yake. Hofu haikumwachia. Chakula hakikupita. Kila mumewe alipokohoa, moyo ulimpasuka. Aliwaza, "Akienda kule, hatarudi. Nimeshaambiwa."

Namba ya simu iliyoandikwa hospitali ilikuwa yake, kwa sababu karakana ina kelele. Jumatano alimwambia mumewe, "Wamepiga simu. Daktari amesafiri. Wameahirisha."

"Mpaka lini?"

"Watatuambia."

Mumewe aliitikia kwa kichwa tu, akaendelea kula. Karatasi ya hospitali mkewe alikuwa ameshaificha chini ya vitambaa vya wateja.

Alhamisi ikapita. Ijumaa na Jumamosi zikapita. Bwana alirudi karakana, maana geti la shule lilikuwa linasubiriwa. Jumanne mchana alirudi nyumbani kabla ya saa zake. Alitembea ameinama, mkono ubavuni, jasho linamtiririka. Alijilaza bila kuvua viatu.

"Itapoa," alisema. Mkewe alisimama mlangoni asijue la kufanya. Aliogopa kumwacha palepale, na aliogopa zaidi kumpeleka.

Wakati huohuo hodi ikabishwa. Alikuwa jirani, mfumaji wa sweta, ambaye pia anaongoza mafunzo yetu ya Biblia ya watu wazima kila Jumamosi. Sisi humwita Mama Taratibu. Ukimkimbiza kwenye kusoma, atakurudisha mwanzo, na hana haya. Alikuja kuchukua sketi yake.

Aliigeuza sketi huku na huku. "Mdogo wangu, mfuko umeushona unaning'inia nje. Niweke nini humu, mvua?"

Fundi alijaribu kucheka. Machozi yakamtangulia. Akamvuta jirani yake uani, akamweleza yote: kidole, mfalme, simu ya uongo, karatasi iliyofichwa.

Mama Taratibu hakumkemea. Aliuliza, "Mgonjwa anatapika?"

"Hapana. Ila maumivu yanakuja na kuondoka."

"Basi nampigia shemeji yako." Alipiga palepale. Mume wake ni dereva. "Gari litafika baada ya muda mfupi. Wakati tunasubiri, lete hiyo Biblia."

"Dada, siwezi kuifungua tena. Naogopa."

"Nitafungua mimi. Wewe keti."

Walifanya ishara ya msalaba. Mama Taratibu alimwomba Roho Mtakatifu awape mwanga. Kisha akafungua Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya ishirini.

"Wewe ulisoma mstari wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Ukaishia hapo?"

"Ningewezaje kuendelea?"

"Haya. Soma wa pili. Taratibu."

Fundi alisoma kwa sauti ya kukwama. Mfalme anageuza uso ukutani. Anamwomba Mungu. Analia sana. Kisha nabii, kabla hajatoka hata uani, anaambiwa na Mungu arudi. Akamwambie mfalme kwamba sala yake imesikika, machozi yake yameonekana, na atapona.

"Kumbe!" Fundi alishika kifua. "Kumbe iliendelea!"

"Bado. Mstari wa saba."

Humo nabii anaagiza tini ziletwe. Wanazibandika kwenye jipu la mfalme, naye anapona.

"Tini ni za nini, dada?"

"Ilikuwa dawa ya siku zile. Unaona? Mungu ameshaahidi kumponya, na dawa bado inatafutwa. Hakusema waiache."

Uso wa fundi uling'aa. "Na hapa mfalme ameongezewa miaka kumi na mitano! Kwa hiyo na mume wangu..."

"Ndiyo yaleyale!" Mama Taratibu alipiga paja lake. "Umetoka kwenye ramli ya hofu, sasa unaingia kwenye ramli ya furaha."

"Ramli? Mimi? Mimi Mkatoliki tangu utoto!"

"Kanisa linatukataza kupiga ramli. Ukipiga kwa Kitabu Kitakatifu inabaki ramli, tena umekivunjia heshima. Ile miaka aliahidiwa mfalme Hezekia. Mumeo hakuwepo. Ukifungua Neno la Mungu, uliza kwanza: nani anasema, anamwambia nani, na kumetokea nini? Soma sura yote. Tazama maelezo yaliyo chini ya ukurasa. Usipoelewa, njoo tusome wengi, au muulize padri. Baada ya hapo ndipo uulize, na mimi linaniambia nini?"

"Sasa linaniambia nini, dada? Muda hatuna."

"Jibu mwenyewe. Mfalme aliogopa kama wewe. Hofu yake aliipeleka wapi?"

Fundi alitazama ukurasa. "Kwa Mungu."

"Na wewe yako?"

Aligeukia cherehani. "Niliificha chini ya vitambaa," alisema mwishoni. "Halafu nikamdanganya mume wangu."

Aliinuka, akafukua vitambaa, akaingia chumbani na ile karatasi.

"Mume wangu, hospitali hawakuahirisha. Nilikudanganya. Nilisoma mstari kwamba utakufa."

Alitarajia ukali. Mumewe alifumba macho, akavuta pumzi. "Na mimi nilifurahi uliposema wameahirisha," alisema. "Sikuuliza kwa sababu sikutaka kujua. Tangu walipotaja kisu sijapata usingizi."

Walilia wote wawili, pale kitandani. Kisha honi ikalia nje.

Hospitali walimpokea mara moja. Wakati anaandaliwa, Mama Taratibu alimpigia padri simu, na padri akaja na mafuta ya Mpako wa Wagonjwa. Fundi alipoyaona alirudi nyuma hatua mbili.

"Baba, si ni ya wanaokata roho?"

"Ni ya wagonjwa, mama," alisema padri. "Anayekwenda kwenye upasuaji mkubwa anaruhusiwa kupewa. Tunamwombea nguvu na amani, na afya pia Mungu akipenda. Njoo karibu. Tunasali pamoja."

Alisogea. Mumewe alipakwa mafuta kwenye paji la uso na mikononi. Kisha kitanda kikasukumwa, na mlango ukafungwa.

Nisikudanganye, hofu haikuondoka. Fundi alikaa kwenye benchi la korido kwa muda wa karibu saa mbili, Biblia mapajani. Anasema vidole vilimwasha. Alitamani kufumba macho na kufungua popote, apate kujua. Hakufanya hivyo. Alisoma sura ileile tangu mwanzo, mara tatu. Kisha alimwambia Mungu kwa maneno yake mwenyewe: "Naogopa. Sijui itakuwaje. Kaa naye mle ndani."

Daktari alitoka akivua kofia. "Ameamka. Hali yake ni nzuri." Fundi alitaka kupiga vigelegele, lakini daktari alikuwa hajamaliza. "Ila mama, kipande cha utumbo kilikuwa kimeanza kubanwa. Mngengoja mpaka kesho, sidhani kama tungekuwa tunaongea hivi. Kwa nini hamkuja siku ile?"

Fundi alishika ukuta.

Jibu alilileta kwetu, Jumamosi ya tatu baada ya hapo. Mumewe alikuwepo, mara yake ya kwanza kwenye mafunzo, amekalia mto kama bwana harusi. Fundi alisimama mbele yetu akasimulia yote.

"Mungu hakusema mume wangu atakufa," alimalizia. "Mimi ndiye niliyekaribia kumuua, kwa mstari mmoja."

Hakuna aliyecheka. Mama Taratibu alitutazama mmoja mmoja. "Humu ndani," aliuliza, "ni nani mwingine hufungua popote na kushusha kidole?"

Dereva, mumewe Mama Taratibu mwenyewe, ndiye aliyeinua mkono wa kwanza. "Kila asubuhi kabla ya safari," alisema, bila kumtazama mkewe. Mwalimu wa watoto akafuata. Halafu bibi wa kwaya. Mikono ikaendelea kuinuka polepole.

Tulikuwa kumi na wawili siku ile. Mikono ilifika saba, na wa saba ulikuwa wangu.