Shimo la Shavuni na Jino Lisilouma

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Bilkisi alifagia ua wa nyumba yao mjini Kolwezi. Na kila asubuhi malori ya madini yalipita barabarani na kurudisha vumbi jekundu palepale alipolitoa. Mama yake, Mama Sikudhani, aliyeuza vitenge sokoni, alisema kazi hiyo inamfundisha mtoto uvumilivu. Bilkisi alisema inamfundisha kufagia upesi.

Lakini siku hizi hakuwa na upesi tena. Alifagia kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili ulikuwa umeshika shavu.

Bilkisi alizaliwa na kidoa cheusi shavuni, kilichoinuka kama punje ya mtama. Alipofika darasa la sita kilianza kukua, na kila alipojifuta uso kwa taulo kilitoka damu. Mama alimpeleka hospitalini, na Daktari Henriette, daktari wa ngozi, akakitoa na kukipima. Hakikuwa na ubaya wowote. Kidonda kikafunga, lakini pale palipokuwa na kidoa pakabaki kishimo.

"Urudi nikague kovu," daktari alikuwa amemwambia. Wakati huo Mama Sikudhani alikuwa kwenye dirisha la dawa, hakusikia. Bilkisi aliogopa kwamba kukagua maana yake ni kukatwa tena. Kwa hiyo mama alipouliza, alijibu, "Amesema nimepona. Tusirudi."

Shuleni, Jémima, rafiki yake wa dawati moja, alikitazama kishimo kile kwa hamu.

"Mvua ikinyesha, maji yanakaa humo?" aliuliza.

"Hayakai."

"Mi nauliza tu. Kama yanakaa, utakuwa na mahali pa kunyweshea vifaranga."

Jémima hakuwa na nia mbaya, ila Bilkisi alijisikia kama shavu zima limegeuka bonde. Tena wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Mwalimu wao, Madamu Mbelu, alikuwa amemchagua kusema shairi mbele ya wazazi siku ya kufunga mwaka wa shule. Bilkisi alilitamani jambo hilo tangu darasa la tatu. Sasa kila alipofikiria macho ya wazazi wote hao, maneno ya shairi yalimtoka kichwani.

Ijumaa, mjomba wake Fadhili alikuja kula nao kama kawaida. Mjomba Fadhili alichimba shaba na kobalti, na alipenda kufundisha watu kuhusu mashimo hata kama hawakuuliza. Siku hiyo alikuwa na sababu, kwa kuwa mvua ilikuwa imefungua mdomo wa shimo la zamani nyuma ya choo chao. Zamani mtu fulani alichimba hapo akitafuta madini, akakosa, akaenda zake.

"Shimo halijazwi ovyo," alisema akitupa mawe ndani. "Kwanza mawe, halafu changarawe, halafu udongo. Na kila mara unashindilia. Ukiacha hewa ndani, kesho linabonyea tena, na mbuzi wa jirani yumo."

Bilkisi alisimama karibu akisikiliza kuliko siku zote. "Mjomba, na kama shimo ni dogo sana?"

"Shimo ni shimo. Dogo unalijaza kwa udongo laini." Alidhani anaulizwa habari ya panya.

Kesho yake Bilkisi alinunua sokoni kipande cha pemba, udongo mweupe ambao mama wajawazito hupenda kutafuna. Aliusaga, akauchanganya na mafuta ya mawese, akautia shavuni kidogo kidogo, akishindilia kwa njiti ya kiberiti kama mjomba alivyosema. Juu yake akapaka poda ya mama. Akajitazama katika kioo. Shavu lilikuwa limesawazika kabisa. Alifurahi mpaka akatabasamu, na hapo kazi yote ikapasuka na kumwangukia mapajani.

Alianza upya. Akagundua kwamba udongo hukaa vizuri mtu asipocheka, asipotafuna na asipozungumza. Kwa kuwa mambo hayo ni magumu kuyaacha yote, aliamua kushika shavu kwa mkono.

"Jino linakuuma?" Madamu Mbelu aliuliza.

Lilikuwa jibu rahisi, nalo lilikuwa limeshatengenezwa na mtu mwingine. "Ndiyo, Madamu."

Habari ya jino ilifika nyumbani kabla yake. Mama alimkataza bukari, ugali wa kila siku, na kumpikia uji mwepesi. Jirani mmoja alileta karafuu, mwingine akaleta maji ya chumvi, wa tatu akaleta hadithi ndefu ya binamu yake wa Lubudi aliyevimba mpaka macho yakajifunga. Ijumaa iliyofuata mama alipika sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na samaki wa kukausha. Bilkisi alikaa na kikombe chake cha uji, akitazama.

"Pole sana, mutoto yangu," Mjomba Fadhili alisema kwa huruma, huku akivuta sahani ya Bilkisi upande wake. "Samaki huyu ana miiba. Angekuumiza."

Chini ya udongo, ngozi ilianza kuwasha. Bilkisi aliona vipele vyekundu pembeni mwa kishimo, akaongeza poda. Kisha Madamu Mbelu akamwita. "Binti yangu, mtu mwenye jino bovu hawezi kusema shairi huku ameshika shavu. Usipopona wiki hii, Jémima atalisema."

Mama aliposikia hivyo, alikata shauri. "Kesho tunakwenda kuling'oa." Na Mjomba Fadhili akasema ataongozana nao, ili amshike mtoto miguu ikibidi.

Daktari wa meno wa hospitali ile ile alikuwa Tata Kazadi, mzee mwenye sauti ya upole na koleo lisilo la upole hata kidogo. Bilkisi alipoliona, alifumba kinywa.

"Fungua kinywa, binti. Ni lipi?"

Bilkisi alionyesha moja.

Tata Kazadi aligonga kidogo kwa chuma. "Hili?"

"Ndiyo."

"Na hili la pembeni?"

"Na lenyewe."

"Na la upande ule mwingine?"

"Lile pia, kidogo."

Daktari alisogeza chuma chake nyuma kabisa. "Na hapa?"

"Hapo ndipo linapouma zaidi," Bilkisi alisema, akiwa na hakika kwamba sasa amejibu vizuri.

"Hapa hakuna jino," Tata Kazadi alisema. "Bado halijaota."

Mama Sikudhani alimtazama mwanawe. Tata Kazadi aliweka koleo mezani, si mbali sana. "Binti, nikitaka kung'oa naweza kung'oa. Meno haya ni mazima, lakini ni wewe unayesema yanauma. Sasa niambie. Ning'oe?"

Bilkisi alifikiria jino lake zima likilia ndani ya kisahani cha chuma kilichokuwa mezani. Alifikiria pia uji. Taratibu aliondoa mkono shavuni, na kipande cha udongo kikadondoka.

Mjomba Fadhili alikiokota, akakigeuzageuza mwangani. "Hii ni pemba," alisema kwa mshangao. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu wa kazi, "Imeshindiliwa vizuri, lakini."

"Fadhili, nyamaza," alisema Mama Sikudhani.

Bilkisi alilia, akaeleza yote: kishimo, vifaranga vya Jémima, pemba, jino, na mwisho kabisa ile safari ya kurudi kwa daktari ambayo hakumwambia mama. Hilo la mwisho lilitoka kwa shida kuliko jino lolote.

Tata Kazadi aliwapeleka mlango wa pili kwa Daktari Henriette. Daktari alisafisha shavu, akapaka dawa kwenye vipele, akamwangalia Bilkisi bila kukasirika.

"Kovu lako halikuzama kwa sababu udongo ulikosekana juu," alisema. "Chini ya ngozi kuna nyuzi nyembamba zinazoivuta kwenda ndani. Ukijaza juu, unaziba vinyweleo na kuleta uchafu tu. Nyuzi zinaendelea kuvuta."

"Kumbe tatizo liko chini," Mjomba Fadhili alisema polepole, kama mtu aliyeguswa ndani.

"Liko chini. Kwa watu wazima tunaweza kuingiza sindano na kuzikata nyuzi hizo. Wengine tunawachoma kwa sindano ndogo nyingi ili ngozi ijitengenezee nyama mpya, au tunaingiza dawa ya kujaza chini yake, ingawa hiyo huisha na kurudiwa. Katika miji mikubwa wana mashine za mwanga. Na kuna kovu linalokatwa na kushonwa upya, likabaki mstari mwembamba."

Bilkisi alishika kiti. "Leo?"

"Si leo. Kovu changa hubadilika lenyewe kwa mwaka mzima au zaidi. Vipele vikiisha, utalisugua taratibu kwa mafuta ninayokupa, na utavaa kofia juani, maana jua hulitia weusi. Usipake krimu za kung'arisha wala ndimu. Kisha tutaangalia. Kuna mtu nyumbani ambaye kidonda chake kiliota uvimbe?"

Mama Sikudhani aliinua upande wa mtandio wake. Nyuma ya sikio, pale palipotobolewa kwa ajili ya hereni, palikuwa na uvimbe mgumu kama kifungo. Bilkisi hakuwahi kuuona.

"Basi vizuri nimejua," daktari alisema. "Ngozi ya namna hii inaweza kurithiwa. Tungekata kwa haraka, pengine badala ya shimo tungepata kilima."

Siku ya kufunga mwaka, Bilkisi alisimama mbele ya wazazi mikono ikiwa chini. Shavu lilikuwa bado jekundu. Katika ubeti wa kwanza aliona mtu mmoja akilitazama, akapoteza mstari. Jémima, aliyekaa mbele, alimnong'oneza neno lililofuata. Bilkisi alilishika, na baada ya hapo hakusahau hata moja. Alipomaliza, wazazi walipiga makofi, na Mjomba Fadhili akapiga kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Wakati wa kukagua kovu ulipofika, ni Bilkisi aliyemkumbusha mama. Daktari Henriette alipapasa shavu, akasema linakwenda vizuri.

"Kuona haya si kosa," alimwambia. "Kila mtu ana kitu anachokionea haya. Lakini daktari hutibu kile anachoambiwa. Ukimpa uongo, atautibu uongo, na mwili wako ndio utakaolipa. Sema linalokusumbua, liseme mapema, na uliseme kwa mtu anayeweza kukusaidia. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Daktari. Na mi nina swali. Kuna kitu kinanisumbua hapa shavuni."

"Uliza."

Bilkisi alisogeza kiti karibu na dirisha, akaligeuza shavu lake kwenye mwanga ili daktari aone vizuri.