Gari Lililoshindwa Kupanda Kangemi

Sogeeni karibu, jirani zangu, hasa nyinyi akina baba. Habari ninayowaletea si ya mbali. Ni ya Buruburu, mwaka wa themanini na tano, na aliyeitenda ni mtu mwema. Nalisema hilo mapema ili msije mkamchukia katikati ya hadithi, maana mimi nampenda, na hata baada ya yote haya bado nampenda.

Phares Opiyo alikuwa karani katika ofisi za reli. Kila Jumamosi, saa tatu asubuhi, alifungua geti lake la bluu, akalitoa gari lake jeupe mpaka barabarani, akavaa kaptura na viatu vya mpira, akaanza kuliosha. Mtaa mzima ulikuwa nje naye. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yetu, na aliyeosha gari lake ndani ya ua tulidhani ana jambo analolificha. Redio ziliimba madirishani, watoto walikanyaga povu, na mama yake Opiyo, aliyekuja kutoka Siaya kutibiwa macho, alikaa mlangoni kwenye kiti kifupi akisikiliza maji. Aliuliza kama gari sasa linang'aa. Opiyo alimjibu kuwa linang'aa mpaka jirani Njogu anafumba macho, na mama akacheka kwa fahari.

Mama huyo hakuwa akiona ila mwanga na vivuli. Alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Daktari bingwa kutoka ng'ambo, ambaye huja mara moja kwa mwaka katika hospitali moja ya misheni upande wa Kikuyu, alikuwa amekubali kumpasua, aanze na jicho la kushoto lililokuwa limeiva zaidi. Kadi ya hospitali mama aliihifadhi ndani ya Biblia yake. Alikuwa na mjukuu wa miaka minne, Adoyo, ambaye uso wake hakuwahi kuuona.

Sasa niwaeleze kuhusu gari. Opiyo alilinunua kwa mhandisi mgeni aliyekuwa akirudi kwao, na halikuwa gari la kawaida. Halikuwa na kabureta. Petroli ilirushwa ndani ya injini na vibomba vinne vidogo viitwavyo injekta, na kila injekta ilifunguliwa na kufungwa kwa umeme. Opiyo alipenda sana kulisema hilo. Kila Jumamosi alifungua boneti ili majirani waone, na kwa kuwa injini yenye vumbi haionyeshwi watu, aliielekezea mpira wa maji na kuipiga kwa nguvu zote mpaka ikameremeta.

Mkewe, Norah, alimwambia siku moja kwamba maji na nyaya havipatani. Alilijua alisemalo. Kwa miaka minane alikuwa amefanya kazi katika mitambo ya simu, na kazi yake ilikuwa kutafuta mahali laini ya simu ilipokufa. Opiyo alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyesema jambo la kuchekesha.

"Mama Adoyo," alisema, "wewe shughulika na simu zako. Gari niachie mimi."

Njogu alikuwa amesimama pale kwenye ua, na alicheka. Norah alijifuta mikono, akaingia ndani. Ana hasira zake yule mwanamke, na siku hiyo alizimeza zote.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa siku ya daktari. Waliondoka saa kumi na mbili na nusu, mama amevaa gauni lake la kanisani. Walipopita mjini gari lilianza kutetemeka. Walipoanza kupanda mlima wa Kangemi, nguvu zikaisha kabisa na gari likasimama kando ya barabara. Basi la kwenda Kikuyu likasimama hatua chache mbele yao kushusha abiria.

"Baba Adoyo, basi lile pale," Norah alisema. "Mimi nimpeleke Mama, wewe ubaki na gari."

"Mama yangu ashikwe mkono na makanga wa basi, na mimi nina gari?" Opiyo alijibu. "Hili litawaka sasa hivi."

Mama naye akasema atangoja gari la mwanawe. Naye pia nisimfiche: kule kanisani kwao Siaya alikuwa ametangaza kwamba atapelekwa hospitalini kwa gari la mtoto wake, na aliona vibaya kurudi na habari tofauti. Basi likaondoka. Wao walifika hospitalini adhuhuri, gari likisukumwa hapa na kubembelezwa pale, na orodha ya daktari ilikuwa imefungwa.

Nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, Ijumaa ya wiki tano mbele, siku ya mwisho kabla daktari hajasafiri. Norah alikuwa amempeleka mama msalani, kwa hiyo ni Opiyo peke yake aliyesikia muuguzi akisema kwamba jicho la kushoto likiuma au likiwa jekundu, mgonjwa aletwe siku hiyo hiyo, asingoje. Opiyo aliitikia. Lakini macho yake yalikuwa dirishani, yakiliangalia gari.

Ikaanza safari ya mafundi. Wa kwanza alikuwa Mbuthia, ambaye gereji yake haikuwa na paa, na ambaye aliweza kusikiliza injini ya kabureta na kukuambia ugonjwa wake kabla hujamaliza kusalimia. Mbuthia alifungua boneti, akatazama zile nyaya, akaifunga taratibu.

"Hii gari ni ya umeme, mzee," alisema. "Mimi na umeme hatujuani. Nisikudanganye."

Huo ulikuwa uungwana, lakini Opiyo aliuona kama udhaifu. Akaenda kwa wengine waliojua kila kitu. Mmoja alibadilisha plagi. Mwingine alishusha tanki akalisafisha. Wa tatu aliweka pampu nyingine ya petroli. Kila mara, siku mbili tatu za kulala gereji juani ziliyakausha maji, gari likarudi likienda vizuri, na Opiyo kwa furaha akaliosha Jumamosi, boneti wazi, mpira wa maji umefunguliwa mpaka mwisho. Jumapili likatetemeka tena. Nyinyi mnaosoma mmeshaelewa. Yeye hakuelewa, kwa sababu aliuliza ofisini, akauliza baani, akauliza katika mkutano wa akina baba kanisani, akamuuliza kila mtu isipokuwa yule aliyeketi ng'ambo ya sahani yake ya ugali kila jioni. Moyoni alijua kwa nini. Alikiogopa kicheko cha Njogu.

Wiki ya tatu mama aliamka akiumwa kichwa upande wa kushoto, akatapika, na jicho likawa jekundu. Opiyo alilikumbuka neno la muuguzi. Nawaambia wazi, alilikumbuka. Lakini fundi wa pampu alikuwa ameahidi kuja kulitengeneza gari kesho yake, na yeye akamnunulia mama dawa ya kichwa. Norah alitaka wapande basi palepale. Mama alikataa, akasema mwanawe amesema kesho, na kesho si mbali. Kesho ilipofika fundi hakufika. Baada ya siku chache maumivu yakapungua, na nyumba yote ikashukuru Mungu.

Alhamisi ya mwisho, siku moja kabla ya ile Ijumaa ya daktari, gari halikuwaka kabisa. Opiyo aliliacha getini akaenda kazini. Saa kumi alasiri aliporudi, aliona watu kwenye geti lake. Boneti ilikuwa wazi. Mbuthia, aliyekuwa amepita kuulizia hali ya mama, alishika tochi. Na aliyeinama juu ya injini, kitambaa kichwani na mikono imejaa grisi, alikuwa Norah, aliyechukua likizo siku hiyo kumwandaa mama. Njogu alikuwa uani kwake na kikombe cha chai, akiangalia kila kitu.

Opiyo alisimama. Alihisi masikio yanawaka moto. Norah hakuinua kichwa.

"Umekuja wakati mzuri," alisema. "Ingia upige stata, kuna kitu nataka kuona."

Hakuingia. Alibaki palepale na koti lake mkononi. Ndipo mama yake, aliyekuwa kwenye kile kiti chake cha mlangoni, akauliza, "Opiyo, ni nani anatengeneza gari?"

Ilikuwa rahisi sana kusema ni Mbuthia. Mama asingeona, Mbuthia asingebisha, na Norah angezimeza hasira kama alivyozoea. Opiyo alifungua kinywa kulisema, akauona ule uso ulioinuliwa kumtafuta, umegeukia mahali ambapo yeye hayupo.

"Ni Norah, Mama."

"Basi mbona umesimama?"

Akaingia garini, akapiga stata.

Norah alikuwa na kitaa kidogo alichokifunga nyaya mbili. Alichomoa soketi ya injekta ya kwanza, akagusisha nyaya zake humo, na Opiyo alipopiga stata kitaa kikapepesa. Umeme ulikuwa unafika. Injekta ya pili, kikapepesa. Ya tatu, kimya. Ya nne, kimya. Akachukua mita yake ya kazini akazipima zile injekta mbili zenyewe, akaziona nzima, sawasawa na zile mbili za kwanza. Akamwambia Mbuthia kuwa ugonjwa haukuwa kwenye injekta, ulikuwa njiani. Akaufuata waya kwa vidole, inchi baada ya inchi, kama alivyofuata laini za simu kwa miaka minane, mpaka akafika mahali nyaya za zile mbili zilipounganishwa pamoja na kuviringwa utepe mweusi. Akaukata utepe. Unga wa kijani ukamwagika kiganjani mwake, na shaba iliyobaki ilikatika kwa kuguswa tu.

"Haya ni maji," alisema.

Hakumtazama mumewe. Opiyo aliutazama ule mpira wa maji uliokunjwa vizuri kando ya geti, na akataka ardhi imfunike.

Waliikata sehemu iliyooza. Chuma cha kulehemu kilipashwa moto kwenye jiko la makaa, palepale sufuria ya maharagwe ilipokuwa, na Norah akaunganisha nyaya upya kwa risasi iliyoyeyushwa huku Opiyo akimshikia ncha, vidole vyake vikiungua naye asiziachie. Wakazivika ala ya mpira, wakafunga utepe mpya. Opiyo alipopiga stata tena, injini iliwaka mara moja na kutulia, silinda zote nne. Mbuthia aliondoa kofia yake. Njogu alicheka, bila shaka alicheka, akasema kwa sauti kwamba kumbe Opiyo amekuwa akizunguka Nairobi yote kumtafuta fundi ambaye anakula naye. Hicho ndicho kicheko ambacho Opiyo alikikwepa kwa wiki tano. Kilikwisha kabla chai ya Njogu haijapoa.

Ijumaa gari lilipanda Kangemi bila kutetemeka hata kidogo. Walikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Daktari alilipima jicho la kulia, akasema atalipasua siku hiyo hiyo na mama ataona. Alipolipima la kushoto alirudia mara mbili. Kisha akauliza liliuma lini. Norah akamtajia ile wiki ya tatu. Daktari akaeleza kuwa shinikizo lilipanda ndani ya jicho na kuua mshipa unaobeba nuru, na sasa hapakuwa na kisu kinachoweza kuurudisha. Akauliza kama hakuna aliyeambiwa amlete mgonjwa mapema. Muuguzi alianza kupekua kadi.

"Mimi niliambiwa," Opiyo alisema. "Ni mimi peke yangu."

Norah aligeuka akamtazama. Mkono aliokuwa ameuweka begani mwa mumewe hakuuondoa.

Bandeji ilifunguliwa siku ya tatu. Mama alipepesa, machozi yakamtoka, akamwona Norah kwanza, akamsifu kuwa ni mrefu kuliko alivyodhani. Akamwona Adoyo, akamshika mashavu asitake kumwachia. Akamtafuta mwanawe, na ilimbidi ageuze kichwa chote, kwa kuwa Opiyo alisimama upande wa kushoto.

"Umenenepa," alimwambia, naye Opiyo akalia mbele ya wodi nzima.

Mama huyo yuko hai mpaka ninapoandika haya. Amemsamehe mwanawe siku nyingi, na hulisimulia gari kwa furaha, na jinsi mkwe wake alivyolitengeneza. Lakini Opiyo akienda Siaya, huzunguka meza yote ili akae kulia kwake, kwa sababu akikaa kushoto mama humpapasa kwa mkono, asijue kama amekuja.

FUNZO

Ndugu zangu, gari halikumpofusha mama huyu. Waya uliooza ni jambo dogo, hutengenezwa alasiri moja. Kilicholipofusha lile jicho ni kiburi cha mtu mwema, aliyeona aibu kumuuliza mkewe jambo ambalo mkewe analijua, akaona afadhali kungoja kuliko kuchekwa, na mgonjwa akangoja pamoja naye.

Dharau ya nyumbani haina kelele. Mara nyingi ni tabasamu tu, na neno moja la "niachie mimi." Tena mgonjwa hapelekwi hospitalini kwa heshima ya mwanawe, hupelekwa kwa chochote kinachokwenda, hata kama ni basi.

Wewe baba unayesoma haya, leo jioni ukiketi mezani, muulize mkeo anajua nini. Kisha nyamaza umsikie mpaka amalize.