Mpunga Ulioota Majani ya Kitunguu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Precious aliteremka kwenye majaruba yao ya mpunga pale Kisesa kuangalia kama maji yamekaa sawa. Alikuwa darasa la sita, mbishi kama mbuzi wa mnadani, na baba yake, Mzee Masele, alishachoka kumwambia anyamaze.

Alhamisi hiyo alikuta mpunga umetoa majani meupe ya mviringo, yenye uwazi ndani kama ya kitunguu. Shina likitoa jani hilo, halizai suke tena.

"Ni mbegu ya Odeta hiyo!" Mzee Masele alifoka alipoonyeshwa. Odeta, jirani yao mjane, ndiye aliyewapa mbegu. "Jumamosi mtu asikanyage shamba lake!"

Kikundi chao cha kulimiana kilipokezana mashamba, na sasa ilikuwa zamu ya Odeta kupandikiziwa mpunga. Miche yake ilishaanza kupitiliza kitaluni. Ikiachwa, watoto wake watatu wangekula nini?

Precious alipasua jani moja kwa ukucha. Ndani alikuta funza mdogo kuliko punje ya mchele. Akaenda kwenye jaruba la pembeni ambalo halikuwa limelimwa. Maotea, yaani mpunga uliochipua wenyewe kwenye visiki vya msimu uliopita, yalijaa majani yaleyale, makavu na yenye matundu. Hapo akakumbuka. Baba alikuwa amemwagiza ayang'oe yote, naye akaenda kuruka kamba, kisha akadanganya kwamba amemaliza.

Jumamosi kikundi kilikusanyika uani kwao kuamua jambo hilo. Bwana shamba, Luhaga, naye aliitwa. Odeta alisimama peke yake, machozi yakimlengalenga. Precious akaingia katikati ameshika shina la maotea.

"Shangazi Odeta hana kosa!"

"Precious! Watoto hawaingilii mazungumzo ya wakubwa."

"Nichape, baba, lakini sinyamazi ng'o! Maotea haya yameshakauka; yalikuwa na ugonjwa kabla hatujapewa mbegu. Mimi sikuyang'oa. Nilikudanganya."

Luhaga alilipasua shina lile, akalitazama, akatikisa kichwa.

"Majani haya huletwa na funza wa nzi mdogo mwenye umbo la mbu," alisema. "Hasafiri kwenye mbegu. Kiangazi hujificha kwenye maotea, mvua zikinyesha huhamia kwenye mpunga. Ng'oeni maotea yote, na mwakani pandeni mapema, kwa pamoja."

Mzee Masele aliinamisha kichwa. Aibu ilimshika wazi mbele ya wenzake.

"Odeta, nisamehe. Miche yako inaingia shambani leo hii, na mimi nitatangulia." Kisha akamgeukia bintiye. "Wewe utang'oa maotea mpaka yaishe yote. Ulikosea kunidanganya. Lakini mimi mtu mzima nilimhukumu jirani bila hata kukagua jaruba langu, na wewe mtoto ukathubutu kujitaja mbele ya watu. Mwanangu, ubishi wa namna hiyo usiuache."