Alama ya Penseli

Kila asubuhi Pascaline alipepea makaa, na dada yake Sidonie akapasha msumari wa kulehemia redio za majirani. Mwaka huo wa 2013 Sidonie alikuwa amemaliza kidato cha sita Nyamitanga, na shirika moja lilikuwa tayari kumlipia chuo. Alitakiwa achague somo moja tu: sayansi ya kompyuta, iliyofundishwa Mbarara, au uhandisi wa kompyuta, uliokuwa mbali, Kampala.

"Yaya, chagua ya Mbarara," Pascaline, mwenye miaka kumi na miwili, alimsihi dada yake mkubwa, aliyemwita Yaya, huku akilia. "Utakuwa unarudi kila juma."

"Nyamaza, mdogo wangu. Nitachagua ya Mbarara," Sidonie akaahidi.

Jumatano alimtuma Pascaline apeleke fomu ofisini Base Camp. Pale katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale watu walijaza chaguo lao kwa penseli kwanza, kisha karani akapitisha wino juu yake, maana fomu ikiharibika hakuna nyingine. Njiani Pascaline akachungulia. Alama ilikuwa kwenye uhandisi.

Aliumia sana. Yaya wake, aliyemfundisha kusema kweli, alimtazama machoni akamdanganya! Basi akatoa raba na penseli mfukoni, akaifuta ile alama, akatia nyingine kwenye sayansi. Madamu Benitha, karani, hakushuku kitu. Alipitisha wino, akagonga muhuri, akaitumbukiza fomu katika boksi la kwenda Mbarara siku ya Ijumaa.

Alasiri Sidonie alimwita.

"Mdogo wangu, nilikudanganya. Nilichagua Kampala. Niliogopa machozi yako." Akainua redio aliyokuwa ameifungua. "Kule Mbarara bako banafundisha zaidi kuandika programu. Ni muzuri mingi, lakini mimi napenda kujua mashine yenyewe inaundwa namna gani. Hiyo njo kazi ya roho yangu."

Hasira yote ya Pascaline ikageuka aibu.

"Yaya, nilifuta. Nilitia alama kwenye sayansi."

Sidonie aliiweka redio chini. Machozi yakamlengalenga.

"Nilikutuma weye juu nilikuamini. Juu ya nini hukuniuliza?"

Hakumgombeza wala kumpiga, na hilo lilimuuma Pascaline kuliko kofi.

Kesho yake asubuhi baba yao, Mzee Kalume, aliwapeleka wote wawili Base Camp. Pascaline mwenyewe ndiye aliyesema alichofanya.

"Wewe mtoto!" Madamu Benitha akafoka. "Mimi naweka wino, kumbe wewe nafuta! Kama hii boksi nakwenda kesho, dada yako namalizika!"

Hata hivyo aliitoa fomu, akalikata kosa kwa mstari mmoja, akatia alama kwenye uhandisi. Sidonie na baba yake wakaweka sahihi pembeni.

Mzee Kalume aliwatazama binti zake.

"Sidonie, ulikimbia machozi ya siku moja, ukamupa mutoto uongo. Na weye Pascaline, uliumia kweli, lakini kudanganywa hakukupatia ruhusa ya kuiba njia ya mwenzako. Mwenye kuumia aulize kwanza."

"Nisamehe, Yaya," Pascaline akasema.

"Na weye unisamehe."

Sidonie aliichukua fomu, akaikunja, akamkabidhi mdogo wake.

"Itie ndani ya boksi weye mwenyewe."

Pascaline aliishika kwa mikono miwili, akaitumbukiza bila kuikunjua.