Nyamizi na Kitambaa Kinachonasa Vumbi

Huyu ni Nyamizi. Anasoma darasa la awali, katika mji mdogo wenye vumbi jingi. Wakati wa kiangazi vumbi hukaa juu ya majani, juu ya mabati, hata juu ya mbuzi.

Nyamizi anapenda shule. Anapenda kuchora. Anapenda uji. Anampenda Holo, rafiki yake. Wanakaa mkeka mmoja.

Lakini kuna kitu kimoja Nyamizi anakiogopa. Si mbwa. Si sindano. Nyamizi anaogopa ufagio.

Ufagio husimama nyuma ya mlango wa darasa. Ni wa chelewa, na ni mrefu kuliko Nyamizi. Akipita karibu yake, hutazama upande mwingine.

Kila siku, watoto wakimaliza uji, Mwalimu Shija huushika ule ufagio. "Haya, wanangu, simameni ukutani," husema. "Tufagie, halafu hadithi!"

Faa! Faa! Faa! Vumbi linaamka. Linapanda juu. Linacheza kwenye mwanga wa dirisha.

Watoto wengine wanacheka. Wanajaribu kulikamata kwa mikono. Nyamizi hacheki.

Du, du, du, moyo unapiga.
"Linakuja. Linakuja."

Vumbi linaingia puani. Linaingia kooni. Kifua cha Nyamizi kinabana, na ndani yake kitu kinapiga filimbi. Fiii. Fiii.

Nyamizi anatoka nje polepole, mtu asimwone. Anakaa karibu na bomba la maji. Anavuta pumzi kidogo, kidogo, kidogo.

Huko darasani Mwalimu Shija anasimulia hadithi. Nyamizi anasikia watoto wakicheka. Hajui wanacheka nini.

"Ulikuwa wapi?" Holo akamuuliza siku moja. "Umekosa hadithi!"

"Nilikwenda kunywa maji," akasema Nyamizi.

Hakumwambia Holo kuhusu filimbi. Hakumwambia Mwalimu. Hakumwambia hata Mama.

"Nikisema," Nyamizi aliwaza, "wataniambia nisije shule. Nitabaki nyumbani peke yangu na kuku." Kwa hiyo akanyamaza.

* * *

Siku moja akaja mtu mpya. Ni mama mmoja mnene, mwenye kilemba cha kijani na sauti kubwa.

"Watoto, huyu ni Mama Kulwa," akasema Mwalimu Shija. "Atakuwa anasafisha shule yetu. Mwamkieni."

"Shikamoo, Mama Kulwa!"

"Marahaba, wanangu! Hamjambo?"

"Hatujambo!"

Mama Kulwa alibeba mpini mrefu. Chini ya mpini palikuwa na ubao bapa, kama sahani ndefu. Na mkononi alishika kitambaa cha bluu.

"Hilo ni dekio gani?" akauliza Holo. "Mbona halina manyoya marefu?"

"Hili ni dekio la kitambaa," akasema Mama Kulwa. "Zamani nilikuwa nasafisha hospitali. Kule hatutaki vumbi liruke. Basi tunatumia kitambaa hiki. Kinaitwa maikrofaiba. Haya, shikeni."

Watoto wakakishika mmoja mmoja. Nyamizi naye akakishika. Kilikuwa laini kama kifaranga, lakini kiling'ang'ania vidole vyake kidogo.

"Kimenishika!" akasema Nyamizi.

"Eee, kinashika," akasema Mama Kulwa. "Kina nyuzi nyingi, nyembamba mno. Nyembamba kuliko unywele wako. Vumbi likipita hapo, linanaswa."

Mama Kulwa akaweka kitambaa chini ya ubao. Kraa! Kikaganda. Akanyunyiza maji kidogo tu. Kisha akaanza.

Nyamizi akaenda ukutani. Akafunika mdomo kwa mikono miwili.

Du, du, du, moyo unapiga.
"Linakuja. Linakuja."

Teleza, teleza, swiii.
Njoo, vumbi, kaa hapa.

Dekio likapita chini ya meza. Likapita pembeni. Likapita mbele ya miguu ya Nyamizi. Nyamizi akafumba macho.

Akangoja. Akangoja tena. Akafumbua jicho moja.

Kwenye mwanga wa dirisha hapakuwa na kitu. Mwanga ulikuwa mwanga tu.

"Vumbi limekwenda wapi?" akauliza Nyamizi kwa sauti ndogo.

Mama Kulwa akageuza dekio juu. Kitambaa cha bluu kilikuwa cha kahawia! "Liko hapa," akasema. "Halitoki mpaka nikifue."

Siku hiyo Nyamizi hakwenda bombani. Alikaa kwenye mkeka, karibu na Holo, akasikiliza hadithi ya punda aliyetaka kulala kitandani. Alicheka mpaka akashika tumbo.

Kesho yake pia ikawa hivyo. Na kesho yake tena.

Lakini Nyamizi aliutazama ule ufagio. Ulikuwa bado umesimama nyuma ya mlango. Kwa nini haujaondoka?

"Mama Kulwa," akauliza, "kesho utakuja?"

"Nitakuja, mwanangu."

"Na keshokutwa?"

"Nitakuja. Mbona unauliza?"

Nyamizi akatazama vidole vya miguu yake. "Nauliza tu," akasema.

* * *

Ikafika siku ya upepo. Mabati yaligonga, nga, nga, nga. Mbuzi walijibanza ukutani.

Nyamizi alikunywa uji wake huku akitazama mlango. Mama Kulwa hakuonekana. Uji ukaisha. Mama Kulwa hakuonekana.

"Wanangu," akasema Mwalimu Shija, "Mama Kulwa hayupo leo. Mwanawe Kulwa anaumwa jino, amempeleka hospitali. Leo nitafagia mimi, kama zamani."

Akaenda nyuma ya mlango. Akaushika ufagio.

Du, du, du, moyo unapiga.
"Linakuja. Linakuja."

Nyamizi akatazama nje. Huko nje upepo ulikuwa umelibeba vumbi. Bomba la maji halikuonekana vizuri. Leo hakuna pa kukimbilia.

Mwalimu Shija akainama. Akainua ufagio.

Nyamizi akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Akaufungua tena.

"Mwalimu, usifagie!"

Watoto wote wakageuka. Holo akatoa macho. Nyamizi alitamani kuingia chini ya mkeka.

"Nani amesema?" akauliza Mwalimu Shija.

"Mimi," akasema Nyamizi. "Tafadhali, Mwalimu. Vumbi likiruka, kifua changu kinabana. Kinapiga filimbi."

Mwalimu Shija akaulaza ufagio chini, taratibu sana. Akachuchumaa mbele ya Nyamizi.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Ndiyo maana ulikuwa unatoka nje?"

Nyamizi akaitikia kwa kichwa. Ndiyo. Machozi yakaanza kushuka.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Niliogopa utasema nisije shule."

"Hapana," akasema Mwalimu Shija. "Hapana, Nyamizi. Hapa ni mahali pako. Kinachotoka ni vumbi, si wewe."

Akampangusa machozi kwa kidole gumba. Kisha akasimama. "Ngoja nikatafute kile kitambaa. Mama Kulwa hukianika kwenye kamba nyuma ya jiko. Wewe Nyamizi, kaa hapa na Holo. Holo, funga dirisha hilo."

Holo akafunga dirisha. Nyamizi akakaa. Wakangoja.

Mwalimu Shija akarudi mikono mitupu. "Hakipo kwenye kamba," akasema. "Nadhani upepo umekichukua."

Du, du, du, moyo unapiga.

Holo akabandika pua yake kwenye kioo cha dirisha. Akatazama huku. Akatazama kule.

"Nakiona!" akapiga kelele. "Kile! Kwenye miba!"

Kweli. Kitambaa cha bluu kilikuwa kimening'inia kwenye ua wa miba. Kilipepea kama kinawaita.

Mwalimu Shija akakimbia nje. Akakitoa mwiba kwa mwiba. Lakini alipokileta darasani, watoto wote wakasema, "Aaaa!"

Kitambaa kilikuwa kimenasa kila kitu. Nyasi. Majani makavu. Unyoya wa kuku. Buibui mmoja mdogo.

"Kimeharibika?" akauliza Nyamizi.

"Sijui," akasema Mwalimu Shija. "Tujaribu."

Wakaweka kitambaa ndani ya beseni la maji, vumbi lisiruke. Buibui wakamweka kwenye ukingo wa dirisha. Watoto wakazunguka beseni, wakaanza kuchambua.

Nyasi, toka. Jani, toka. Unyoya, toka.

Nyamizi alikuwa na vidole vidogo. Aliweza kutoa vipande ambavyo Mwalimu hakuviweza. Alichambua polepole. Hakuwa na uhakika. Je, kitashika tena?

Wakamwaga maji machafu. Wakakifua kwa sabuni kidogo. Wakakisuuza. Mwalimu Shija akakikamua kwa nguvu, chururu, chururu, mpaka maji yakaisha.

"Sasa kishike, Nyamizi," akasema. "Wewe utuambie."

Nyamizi akanyoosha mkono. Kitambaa kilikuwa baridi. Akapitisha vidole.

Kikamng'ang'ania.

"Kinashika!" akasema Nyamizi. "Mwalimu, bado kinashika!"

Kraa! Kitambaa kikaganda kwenye ubao wa dekio. Mwalimu Shija akashika mpini kwa juu. "Nani ananisaidia kusukuma?"

Mikono yote ikapanda. Wa Nyamizi ukapanda mwisho.

"Nyamizi, njoo."

Akaenda. Akashika mpini kwa chini, chini ya mikono ya Mwalimu. Moyo wake bado ulikuwa unapiga. Alizuia pumzi. Wakasukuma.

Teleza, teleza, swiii.
Njoo, vumbi, kaa hapa.

Wakapita chini ya meza. Wakapita pembeni. Wakapita nyuma ya mlango. Lakini mtu hawezi kuzuia pumzi siku zote. Hapo hapo nyuma ya mlango, Nyamizi akavuta pumzi. Ndefu. Mpaka tumboni.

Akasikiliza kifua chake. Kimya. Kimya kabisa.

"Mwalimu," akasema, "naweza kusukuma mpaka ukutani?"

"Sukuma!"

* * *

Jioni, Mwalimu Shija alimsindikiza Nyamizi mpaka nyumbani. Nyamizi akamweleza Mama yote. Filimbi. Bomba. Ufagio. Alieleza huku ameshika kanga ya Mama, kwa maana bado aliogopa kidogo.

Mama hakugomba. Alipiga magoti, akaweka sikio kwenye kifua cha Nyamizi, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Kesho asubuhi tutakwenda kwa daktari," akasema Mama. "Atasikiliza vizuri kuliko mimi. Kama kuna dawa, atatupa."

"Halafu?"

"Halafu nitakupeleka shule."

"Hata kama tumechelewa?"

"Hata kama tumechelewa," akasema Mwalimu Shija. "Tutakungoja."

Mwalimu alipoaga, wakala ugali na mlenda. Nyamizi akanawa miguu, akapanda kitandani. Mama akashusha chandarua, akakichomeka chini ya godoro upande huu, akazunguka upande wa pili.

"Nyamizi, sogeza mguu," akasema Mama.

Mguu haukusogea. Nyamizi alikuwa ameshalala.

Mama akausogeza mwenyewe, polepole, akazima taa.